Kuendesha LSV na vigari vya gofu The Villages, Florida: soma kabla hujashika usukani

Kama umepata kazi ya kutunza wazee The Villages kule Florida, au una shangazi anayeishi huko na unaenda kumsalimia, jua kabisa hutamaliza hata siku mbili hujakabidhiwa ufunguo wa kigari na kuambiwa hebu niendee dukani Publix uniletee maziwa. Huko ndio usafiri wao. Ni mji mkubwa wa wastaafu, wenye miaka 55 kwenda juu, umetanda kwenye kaunti za Sumter, Lake na Marion, kaskazini magharibi ya Orlando, na una zaidi ya maili 100 za njia zilizotengenezwa kwa ajili ya vigari vya gofu. Kanisani kigari, kinyozi kigari, daktari kigari, jioni muziki kwenye viwanja vya Spanish Springs, Lake Sumter Landing au Brownwood watu wanakuja na kigari. Wengine hata gofu hawachezi.

Sasa ndugu zangu wengi nawaona wanakaa kwenye usukani kama vile wamekaa kwenye mchezo wa watoto, kwa sababu kile kitu kidogo, hakina kelele, na anayekuazima ni bibi wa miaka 80 anayekiendesha mwenyewe kila siku. Hapo ndipo nataka tuongee vizuri, maana watu wanaumia humo na wengine wanaingia kwenye kesi ambazo wangeziepuka kwa kuuliza swali moja tu: hiki ninachoendesha ni kigari cha gofu au ni LSV (low-speed vehicle, gari la mwendo mdogo)?

Kwa macho vinafanana kabisa, kwa sheria ni vitu viwili tofauti.

Kigari cha gofu kwa sheria ya Florida ni kile ambacho hakiwezi kuzidi maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32. Hakina namba pleti, hakisajiliwi kama gari, na kinatembea tu kwenye njia na mitaa ambayo mji au kaunti imeviruhusu. Vifaa vinavyolazimishwa ni vichache: breki zinazoshika, usukani wa uhakika, tairi nzima, kioo cha kutazama nyuma, na viakisi vyekundu mbele na nyuma. Usiku ni habari nyingine, sheria inakuruhusu mchana tu, labda mamlaka ya pale iwe imeruhusu usiku na kigari kiwe na taa za mbele, taa za breki, indiketa na kioo cha mbele.

LSV ni gari. Narudia, ni gari, ila la mwendo mdogo. Serikali kuu ya Marekani iliyatambua mwaka 1998 kwa kiwango namba 500 cha usalama wa magari, na maana yake ni chombo cha magurudumu manne kinachofika zaidi ya maili 20 lakini hakizidi 25 kwa saa, kama kilomita 40, na uzito wake pamoja na mzigo uwe chini ya pauni 3,000. Lazima kiwe na taa za mbele, indiketa mbele na nyuma, taa za nyuma na za breki, viakisi, saidi mira ya upande wa dereva na nyingine ya kulia au ya ndani, hendibreki, kioo cha mbele cha kiwango cha gari, mkanda kwenye kila kiti, na namba ya chesisi ya herufi na tarakimu 17. Florida inataka LSV iwe na kadi ya umiliki, isajiliwe, iwe na namba pleti, iwe na bima, na dereva awe na leseni ya udereva. Bima ya chini kabisa ni ile ya kujitibu mwenyewe dola 10,000 na ya kulipia mali ya mtu dola 10,000, sawasawa na gari la kawaida.

Kwahiyo ukikabidhiwa ufunguo zunguka nyuma uangalie kama kuna namba pleti. Ukiiona, omba karatasi ya usajili na ya bima ziwe ndani ya gari, alafu muulize mwenye nalo kama bima yake inamhusu dereva mwingine au ni yeye peke yake. Usione haya. Muulize kwa heshima, mwambie nataka nikikuendesha tuwe wote salama, wazee wa kule hawachukii swali kama hilo, wengi wanafurahi. Na kama umeajiriwa kupitia ajensi, waulize na ajensi kwa maandishi, maana kuna ajensi hazimruhusu mfanyakazi kuendesha chombo cha mteja kabisa.

Kuhusu leseni. Kwa LSV leseni lazima, hakuna mjadala. Mgeni aliyekuja kutembea anaweza kutumia leseni halali ya nchi yake, ila ukishakuwa mkazi wa Florida una siku 30 za kuchukua ya kwao. Kwa kigari cha gofu sheria ilibadilika tarehe 1 Oktoba 2023, mwenye chini ya miaka 18 lazima awe na leseni au ile ya kujifunzia, na mwenye 18 kwenda juu lazima awe na kitambulisho chenye picha kilichotolewa na serikali. Kwahiyo wajukuu waliokuja likizo wa miaka 12, 13, hapana, hata kama babu yao amesema haina neno. Na pombe ni pombe tu, kigari hakikutoi kwenye kosa la kuendesha umelewa, kiwango ni kilekile cha 0.08, na kesi yake ni ileile, sasa fikiria wewe ambaye bado unahangaikia makaratasi yako ya uhamiaji.

Kuna mtego mmoja unawanasa watu wengi wanaonunua vya mitumba. Mtu anakuuzia kigari cha gofu anakwambia hiki nimekiongezea spidi, kinakwenda 28, na nimekifunga taa na mikanda kwahiyo ni halali barabarani. Si kweli. Kigari kikishavuka 20 kimetoka kwenye kundi la vigari vya gofu, na kama hakina kadi wala namba basi wewe unaendesha gari lisilosajiliwa na lisilo na bima. Kufunga taa hakukifanyi kuwa LSV. Kukibadilisha kihalali kuna utaratibu wake, unakibeba kwenye trela (hukiendeshi) unakipeleka ofisi ya mkoa ya idara ya magari na karatasi ya kupima uzito, risiti za vifaa ulivyoongeza na fomu ya kiapo, wanakikagua, wanakipa namba, ndio unakwenda kukatia bima na pleti. Ukiona muuzaji anazungukazunguka ukimuuliza kadi na namba ya tarakimu 17, mshukuru kwa muda wake na uondoke. Na kama unataka kujua kigari kinakwenda kiasi gani kweli, weka simu yenye programu ya spidi mfukoni, kikimbize mahali tambarare pasipo na watu, utapata jibu.

Wapi unaruhusiwa kupita

LSV inatembea kwenye barabara ambazo bango lake la spidi ni maili 35 au chini ya hapo. Ikiwa 40, 45, hapana, hata kwa mita mia mbili. Unaruhusiwa kuikata barabara kubwa kwenye makutano, yaani unavuka tu kwenda ng'ambo, ila sio kuingia ukatembea nayo. Barabara kama US 441, pale karibu na Spanish Springs magari yanapita kwa kasi, ndio maana vigari vimejengewa daraja lao juu. Kabla hujatoka nyumbani angalia njia kwenye ramani ya vigari, maana ramani ya kawaida ya simu inakupeleka kwenye barabara ya magari bila kujali unaendesha nini.

Na kumbuka hata pale penye 35 wewe mwisho wako ni 25, kwahiyo nyuma yako kutakuwa na mtu ana haraka. Usihangaike kumpisha kwa kuingia kwenye majani. Kaa kulia kwenye leni yako, shika mwendo mmoja, washa indiketa mapema sana kuliko ulivyozoea, yeye atatafuta nafasi apite. Ukijibana pembeni kabisa unamkaribisha akupite mahali ambapo hapatoshi.

Njia za vigari zenyewe zina watu wa baiskeli, wanaotembea kwa miguu, wenye mbwa. Hata kama chombo chako kinafika 25, humo ndani usivuke 20, na soma bango la pale pa kuingilia uone chombo chako kinaruhusiwa. Ukimkuta mtu anatembea mbele yako punguza mpaka awe amekusikia ndio upite, maana umeme hauna mngurumo, wazee wengi masikio yamechoka, na mtu akishtuka anarukia upande usioutegemea. Kwenye mahandaki yanayopita chini ya barabara washa taa hata saa saba mchana. Jua la Florida linachoma macho, ukiingia ghafla kwenye lile giza unakuwa huoni kitu kwa sekunde mbili tatu, na mwenzio anayetoka upande wa pili na yeye haoni. Punguza kabla ya mdomo wa handaki, bana kulia.

Alafu kuna korongo wa kule, wale warefu wenye utosi mwekundu. Wanatembea wawili wawili na kifaranga katikati, wanavuka njia polepole bila wasiwasi wowote. Wanalindwa na sheria na hawakimbii honi. Simama, wasubiri wamalize.

Raundabauti, jamani raundabauti

Hapa ndio sehemu inayowatesa watu waliotoka Kenya, Tanzania na Uganda, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto. Wa Bujumbura, Kigali na Goma nyie hamna shida sana, mmezoea kulia. Kule The Villages kipilefti zimejaa kila mahali, na zinazunguka kinyume na zetu, kinyume na mshale wa saa. Unaingia kwa kukata kulia, na unayempisha ni yule anayetoka kushoto kwako ambaye tayari yuko ndani. Mwili utakudanganya uangalie kulia. Mpaka utakapozoea, ukikaribia jiambie kwa sauti, kushoto, kushoto, kushoto, hata kama abiria anasikia.

Kwenye zile za leni mbili chagua leni kabla hujaingia: unakwenda kulia au moja kwa moja, leni ya nje, unataka kuzunguka kwenda kushoto, leni ya ndani. Ukikosea usikate leni katikati, zunguka tena raundi nzima, hakuna atakayekudai. Barabara zenye leni ya pembeni ya vigari, ile leni huisha kabla ya raundabauti na kigari kinaingia pamoja na magari. Hapo unatakiwa uangalie nyuma kwenye kioo, uwashe indiketa, uingie katikati ya leni kabisa ili gari lisijaribu kupita ubavuni mwako mkiwa ndani. Ukitoka unarudi pembeni. Kama kigari hakina indiketa tumia mkono wa kushoto, ukiunyoosha ni kushoto, ukiukunja juu ni kulia, ukiushusha chini ni unasimama.

Watu wanavyoanguka

Ajali nyingi za hivi vitu hata hazihusu gari lingine. Mtu anadondoka tu. Kigari kikiwa hakina mlango wala mkanda, na wewe ukakata kushoto kwa kasi, abiria aliyekaa kulia anatoka kama kitu kilichorushwa, na kile kichuma cha pembeni ya kiti kinamfikia kiunoni tu kwahiyo hakimzuii, kinampindua kichwa chini. Kwa mzee wa miaka 80 mwenye mifupa laini huo ndio mwisho wa kutembea. Kabla ya kona punguza mpaka uone kama unazidisha, kata taratibu, mwambie abiria tunakata kushoto shika vizuri. Kama mkanda upo, afunge kila mtu, hata kwa safari ya kwenda kwa jirani.

Kiti cha nyuma kinachotazama nyuma ni kibaya zaidi. Ukiondoka kwa kishindo yule mtu anaangukia barabarani, na umeme unavuta papo hapo, hauna kujivuta kama injini ya petroli. Kanyaga kwa ncha ya kiatu. Watoto wadogo mimi siwapakii nyuma kabisa, na mtoto wa kubebwa simpakii hata mbele, huyo anakwenda kwa gari la kawaida lenye kiti chake.

Kingine, breki. Vigari vingi vya gofu vina breki za magurudumu ya nyuma tu, LSV nyingi zina za manne. Ukihama kutoka chombo kimoja kwenda kingine jaribu breki mara mbili tatu kwenye uwanja wa nyumba kabla hujatoka, uone inashika wapi. Mvua ikinyesha ongeza nafasi mara mbili. Na mvua ya Florida kwenye miezi ya joto inakuja mchana na radi, kigari hakikukingi na radi hata kidogo, ukisikia ngurumo ingia dukani usubiri ipite.

Hili la kusimama naomba ulishike kuliko yote. Chombo cha umeme kikisimama kinanyamaza kabisa, huwezi kujua kwa sikio kama kimezima. Na vigari vingi hendibreki yake inajifungua yenyewe ukikanyaga mafuta. Sasa fikiria umesimama mbele ya duka, ufunguo umeuacha, unainama kuchukua mfuko wa sukari ulioanguka karibu na pedali, mfuko unagusa pedali, au mbwa wa bibi anaruka anaikanyaga. Kigari kinaondoka. Kwahiyo kila ukisimama, hata kwa dakika moja, fuata mpangilio huu: breki, hendibreki, swichi ya mbele-nyuma iwe katikati kama inayo, zima, chomoa ufunguo uweke mfukoni, ndio ushuke. Ukimshusha mzee, shuka wewe kwanza, zunguka, mpe mkono. Na ufunguo wenyewe, vigari vingi vya kampuni moja vinafunguliwa na ufunguo mmoja, kwahiyo mshauri mwenye nacho abadilishe swichi aweke ya peke yake, inabadilishwa kwa muda mfupi na haina gharama kubwa.

Betri

Kazi ya kuchaji mara nyingi itakuwa yako. Chaja inachomekwa kwenye soketi ya kawaida ya gereji, volti 120, na kanuni ni kuchaji kila siku uliyotumia, sio kusubiri iishe. Usitumie waya mwembamba wa kuungaunga, unapata moto. Ondoka ukijua unakwenda na kurudi. Vyombo vingi vinakupa kati ya maili 25 na 40 kutegemea betri na mzigo, na betri ikizeeka inapungua bila kukuambia.

Muulize mwenye chombo kama betri ni za risasi na asidi au lithiamu, kwa sababu utunzaji ni tofauti kabisa. Lithiamu huongezi maji, unachotakiwa ni chaja yake yenyewe, usiazime ya jirani. Zile za risasi zinakunywa maji. Mara moja kwa mwezi vaa glovu na miwani, fungua gereji hewa iingie kwa sababu zinatoa gesi inayoshika moto, fungua vifuniko uangalie. Tumia maji ya betri tu, yaliyosafishwa, maji ya bomba yana chumvi zinazoua betri. Unaongeza baada ya kuchaji, sio kabla, maana ikichajiwa kimiminika kinapanda na ukijaza mapema kitafurika asidi itatapakaa. Kama kabla ya kuchaji umeona bamba za ndani ziko wazi, weka kidogo tu zifunikwe, chaji, alafu ndio umalizie mpaka chini kidogo ya shingo ya tundu. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri unasafishwa kwa magadi ya kuokea yaliyochanganywa na maji, vifuniko vikiwa vimefungwa.

Wengine mlioko Georgia, karibu na Atlanta ambako Wakenya wamejaa, mtakutana na Peachtree City, nako wana njia kama maili 100, na wanafunzi wa sekondari wanakwenda shule na vigari. Utaratibu wa mwendo ni uleule ila sheria za umri ni zao, kule mtoto wa miaka 12 mpaka 14 anaweza kuendesha kama mzazi, babu au bibi, au mlezi wake wa kisheria amekaa naye kiti cha mbele, na barabara kuu za 54 na 74 zinavukwa kwa mahandaki na madaraja ya vigari. Usichukue sheria ya Florida ukaipeleka huko, wala ya huko ukaileta Florida.

La mwisho kwa mnaoachiwa nyumba wazee wakienda kaskazini kukimbia joto. Betri za risasi zijaze maji, zichaji mpaka mwisho, na kama chaja ni ile inayojizima yenyewe iache imechomekwa, la sivyo pita kila mwezi uchaji. Lithiamu fuata kitabu chake, nyingi hazipendi kulala zikiwa zimejaa kabisa wala zikiwa tupu. Chini ya kiti kuna swichi ya kuvuta na kutembea, iweke kwenye kuvuta ili kompyuta ya chombo isinyonye umeme kidogo kidogo, jaza tairi upepo, na ubandike karatasi kwenye usukani ya kwamba swichi iko kwenye kuvuta, maana wakirudi Oktoba wao ndio watakaokuwa wa kwanza kukupigia simu kwamba kigari kimekufa.